Nililegeza Skrubu

Watu wa kwetu hapa kusini-magharibi mwa Houston wakinunua bastola ya kwanza, huambiwa wanitafute mimi. Sifa hiyo niliipata kwa sababu nilianza kubeba mapema kuliko wengi wao, na kwa sababu nikiongea naongea kwa uhakika. Waliniuliza wanunue ipi, nikawajibu. Waliniuliza waiweke wapi mwilini, nikawajibu. Kuhusu ala ya kuibebea, au holsta kama wengi wanavyoiita, jibu langu lilikuwa lile lile siku zote: tafuta isiyokuumiza, na ikikuumiza ilegeze. Jibu hilo nusura limwage damu ya mtoto, na baada ya kuliona hilo kwa macho yangu nilinyamaza. Leo nalisema lote.

Nafanya kazi ya kaunta usiku katika duka la kituo cha mafuta. Mwenzangu wa zamu aliwahi kuelekezewa bunduki kifuani kwa ajili ya fedha za droo, na tangu hapo mwenye duka akaturuhusu tunaotaka kubeba tubebe. Kisheria haikuwa kazi. Tangu tarehe 1 Septemba 2021, Texas inamruhusu mtu wa miaka 21 na zaidi, ikiwa hakuna sheria inayomkataza kumiliki silaha, kubeba bastola bila leseni. Leseni bado ipo kwa anayeitaka, na anayeiomba husoma kwa muda wa saa nne hadi sita na kupimwa shabaha. Mimi sikuiomba. Sheria inataka bastola inayoonekana iwe ndani ya ala, lakini haisemi ala ya namna gani wala imekazwaje. Hayo umeachiwa mwenyewe, na mimi niliyachukulia kuwa mambo ya starehe tu, sawa na kuchagua viatu.

Asiyewahi kubeba hawezi kujua inavyosumbua. Bastola yangu, Glock 19, ikiwa na risasi zake 15 inakaribia gramu 850. Ukiichomeka ndani ya kiuno cha suruali, upande wa mbele kuliani, ukasimama, huisikii sana. Kaa sasa kwenye stuli ya kaunta. Mdomo wa bastola unachimba kinena, mpini unapanda na kukuchoma chini ya mbavu, na kila ukiinama kuokota boksi la soda unakatwa pumzi. Mwezi wa nane Houston ina joto na unyevu kama Dar ya mwezi wa pili. Jasho linashuka mgongoni, na ule mpini wenye vipele vya kuzuia kuteleza unaikwangua ngozi mpaka inakuwa nyekundu. Nilikuwa narudi nyumbani alfajiri nikiwa na hasira, na sina wa kumkasirikia.

Ala yangu ya kwanza ilikuwa kifuko cha nailoni, laini, kilichoandikwa kuwa kinafaa bastola za saizi zote. Hakikuniumiza. Jioni moja nikiwa nimetoa risasi zote nilikipapasa kwa nje, na dole gumba langu likakigusa kifyatulio kupitia kitambaa. Nilikisikia chote, umbo lake na mteremko wake. Kama dole linaweza, basi ufunguo mfukoni unaweza, na kona ya meza pia. Tena mdomo wa kifuko ulikuwa unajifunga ukishatoa bastola, kwa hiyo kuirudisha kulitaka mkono wa pili uupanue, ukipita mbele ya mtutu. Nilikitupa. Hilo nililifanya vizuri, na nalitaja kwa sababu linanikosesha kisingizio: nilikuwa tayari najua ala ni kitu cha kuokoa maisha.

Nikanunua ya Kydex. Hii ni plastiki ngumu ya bapa, ilianza kutengenezwa miaka ya 1960 kwa ajili ya sehemu za ndani za ndege. Hupashwa moto ikalainika, inakandamizwa juu ya umbo la bastola yenyewe, ikipoa inabaki na umbo hilo. Kifyatulio kinafunikwa kabisa na ukuta usiobonyea. Ukiingiza bastola inalia tiki, na hapo unajua imeshikwa. Kando ya eneo la kifyatulio kuna skrubu moja au mbili, katikati yake zimewekwa pete za raba. Ukikaza, kuta mbili za plastiki zinasogeleana na kuishika bastola zaidi, ukilegeza zinaachana.

Hizo skrubu ndizo nilizozilegeza.

Naomba msomaji anielewe hapa, maana kosa lote limekaa hapa. Nilikuwa naumia, nikatafuta kitu cha kulegeza, na kitu pekee chenye skrubu kilikuwa kile. Nilichukua kifunguo kidogo kilichokuja na ala, nikazungusha mpaka bastola ikawa inatoka bila mlio. Siku hiyo hiyo nikaacha kuvaa mkanda, kwa sababu mkanda ulikuwa unanibana tumbo, nikahamia suruali ya mazoezi yenye lastiki kiunoni. Zamu ile nilikaa raha. Nikajiambia dawa imepatikana: ala ilikuwa imekaza mno. Kumbe skrubu ile haimbani mtu hata kidogo. Inaibana bastola. Raha niliyoipata ilitokana na kuvua mkanda, na mkanda ndio ulikuwa unaishikilia ala isiondoke. Kwa hiyo nilikuwa nimeondoa vizuizi viwili kwa mara moja, kimoja bila faida yoyote, na nikaanza kuwafundisha wengine kufanya vivyo hivyo.

Kuna kijana Mkongo wa Kivu anayeniita yaya, kama wanavyowaita ndugu wakubwa kwao. Ananiheshimu kuliko ninavyostahili. Alinunua bastola kwa sababu anaendesha teksi ya simu usiku, na akaniletea ala yake akilalamika kuwa inambana. Niliichukua, nikazilegeza skrubu zake kwa mkono wangu, nikamrudishia. Akashukuru.

Kisha ikaja siku ya mchango. Mtu wetu alikuwa amefariki, na familia zilikutana nyumbani kwa rafiki yangu ninayemwita shemeji, kutafuta fedha za kusafirisha mwili kwenda Tanga. Akina mama walikuwa jikoni, wanaume gereji kwenye viti vya plastiki, watoto wanakimbizana baina ya pande hizo mbili. Niliambiwa nisaidie kushusha sufuria la pilau kutoka nyuma ya gari. Niliinama, nikalishika kwa masikio yake mawili, nikanyanyuka. Ule mnyanyuko ulivuta shati juu na tumbo likasukuma lastiki mbele. Nikasikia kiunoni pamekuwa pepesi.

Bastola ilianguka sakafuni kwenye saruji, karibu na ukuta. Wakati inaanguka niliachia sikio moja la sufuria na kuurusha mkono wangu wa kulia kuidaka. Nilikosa. Vidole vilipita hewani juu yake. Mtoto wa shemeji, yule wa kike wa mwisho, alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwangu akisubiri kuona pilau. Mdomo wa bastola ulikuwa unamtazama. Wengine walisikia sufuria likigonga chuma cha gari, wakadhani ni hilo tu. Nilichuchumaa, nikaiokota, nikaifunika kwa shati, nikaenda kuifungia garini kwangu. Mikono ilitetemeka mpaka nikashindwa kuingiza ufunguo.

Kuanguka kwenyewe hakukuwa hatari kubwa zaidi. Glock haina swichi ya usalama kwa nje, lakini ina vizuizi vitatu vinavyofanya kazi vyenyewe, na imeundwa isifyatuke kwa kuanguka. Kifyatulio chake kinafyatuliwa na kitu kinachokibonyeza, na kitu kinachopatikana haraka zaidi ni kidole cha mtu anayejaribu kuidaka. Wamarekani wana mfano wanaoujua wengi. Plaxico Burress alikuwa mchezaji wa New York Giants, timu ya futiboli ya Kimarekani, ndiye aliyedaka mpira wa ushindi katika Super Bowl, fainali ya ligi yao, ya Februari 2008. Novemba ya mwaka huo huo aliingia klabu ya usiku Manhattan akiwa na Glock kiunoni bila ala. Ikaanza kuteleza mguuni, akaiwahi kwa mkono, ikafyatuka na kumpiga pajani. Kibali cha kubeba silaha New York hakuwa nacho, akahukumiwa miaka miwili jela. Kisa hicho nilikuwa nimekisimulia mara nyingi kwa wenzangu kama mfano wa ujinga wa mtu asiyetumia ala. Mkono wangu siku ile ulifanya alichofanya yeye, na aliyekuwa mbele ya mtutu hakuwa mimi.

Usiku huo mke wangu aliniuliza mbona sikula. Nikamwambia ala ile ya plastiki ni mbovu, imeachia. Nilisema "imeachia" kana kwamba ilijiachia yenyewe. Hakuuliza zaidi. Kijana wangu wa Kivu nilimwona siku chache baadaye, akiwa amechomeka bastola yake ndani ya ala niliyomlegezea, na sikumwambia kitu. Nilimsalimia, tukaongea habari za Goma, akaingia garini akaenda kazini. Kati ya yote, hilo ndilo linaloniuma zaidi. Sikuwa tena mtu asiyejua.

Hatimaye nilikwenda kulipia darasa la kubeba bastola. Mwalimu alikuwa mama wa makamo, mwenyeji wa Texas, asiye na maneno mengi. Alinitaka nitoe risasi zote, magazini kando, chemba ikaguliwe kwa jicho na kwa kidole. Kisha akaniambia niishike ala yangu juu chini, bastola ikiwa ndani, niitikise juu ya godoro. Ilianguka mara moja. Hakusema neno, alinipa kifunguo. Nilikaza robo mzunguko, nikatikisa, nikakaza tena, mpaka ikatulia, kisha tukatia tone la gundi ya skrubu ili mitikisiko isizifungue.

Baada ya hapo ndipo tukaanza kushughulikia maumivu, na nikaona nilikuwa natafuta mahali pasipo. Alinivalisha mkanda mgumu wa inchi moja na nusu, usiokunjika chini ya uzito, na suruali iliyozidi kiuno changu kwa inchi mbili. Papo hapo mbano wa tumbo ukaondoka, maana kilichokuwa kinanibana ilikuwa suruali isiyo na nafasi ya kitu cha pili ndani yake. Akahamisha klipu kwenye tundu la chini ili ala ipande kidogo. Mtutu ukaacha kuchimba kinena nikikaa. Akabandika kipande cha sponji upande wa ndani, karibu na mdomo wa bastola, na hicho kiliusukuma mdomo nje na kuulaza mpini kwenye tumbo, mbavu zikapona. Kisha akanihamisha hata mahali: kwa mwenye kitambi kama mimi anayekaa zamu nzima, nyuma kidogo ya mfupa wa nyonga kunafaa kuliko mbele, ala ikiinamishwa karibu nyuzi 15 ili mpini usichomoze kwenye shati. Fulana ya ndani ya pamba ikazuia mkwaruzo. Kazi hiyo yote haikugusa skrubu za kushikilia bastola.

Alinifundisha na jambo jingine ambalo sasa nalifanya kila alfajiri: kuvua ala pamoja na bastola ikiwa ndani yake, kama kitu kimoja, na kuiingiza hivyo hivyo kwenye kisanduku cha kufuli. Kurudisha bastola katika ala ukiwa umeivaa kunataka utulivu, shati limevutwa kando, macho yanatazama, kwa sababu pindo la nguo au kamba ya koti ikinasa kwenye kifyatulio hufanya kazi ya kidole.

Kijana wangu nilimpigia simu kutoka kwenye maegesho ya darasa, kabla sijawasha gari. Nilimwambia, "Mdogo wangu, usiibebe leo. Nilikuharibia ala yako." Akanyamaza, kisha akasema ile ala imekuwa ikimwachia mara mbili tatu kwenye kiti cha gari, akidhani ni yeye asiyejua kuvaa. Tulikutana jioni hiyo, nikazikaza skrubu mbele yake, akaitikisa mwenyewe juu ya kochi langu. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni, na nikamwambia yeye pia kwamba ala haikuachia, mimi ndiye niliyeilegeza.

Shemeji bado hajui. Mtoto wake alikuwa hatua mbili kutoka kwenye mtutu, nami nilikula pilau lake kwenye msiba uliofuata bila kumwambia. Haki yake ni kuyasikia kutoka kinywani mwangu, si kuyasoma hapa, kwa hiyo Jumapili, baada ya misa, nakwenda kwake. Akitaka nisikanyage tena nyumbani kwake na silaha, au nisikanyage kabisa, ataamua yeye na mkewe.