Siki, Kabichi na Mgeni

Imam Muslim amepokea kwa Jabir bin Abdullah (r.a.) kuwa Mtume (s.a.w.) aliwauliza ahali zake kitoweo, akaambiwa hakuna ila siki. Akaiitisha, akala huku akiisifu. Hadithi hii ilitujia moyoni siku mwanafunzi wetu mmoja alipotuambia kwamba huona haya kumkaribisha mwenziwe, kwani kwao samaki wa kukaanga hugawiwa kipande kimoja kimoja.

Tulimwambia: nunueni kabichi. Sisi nyumbani huyaosha majani yake, tukayakata membamba kama nyuzi, tukayatia chumvi na kuyaacha kadiri ya nusu saa. Chumvi huyavuta maji, na kabichi ikalainika pasipo kupikwa. Kisha huikamua kwa mkono, tukachanganya karoti iliyokunwa, kitunguu, sukari kidogo na siki. Hatuitii mafuta, kwani samaki atokaye karaini anayo ya kutosha, na ukali wa siki ndio uyapunguzao kinywani. Nayo huipakua mbali kidogo na samaki, asije akalowana akapoteza ukavu wake mzuri.

Kipande kimoja, wali na kabichi hiyo, sinia hujaa na mgeni akashiba. Na kabichi moja hutosha nyumba nzima.

Basi enyi vijana wetu, mlango usifungwe kwa uchache wa samaki. Mwiteni mwenzenu, mwandalieni mlicho nacho kwa uso mkunjufu, na mle pamoja kwa Bismillahi.