Njia za Milima ya Usambara na Adabu ya Safari ya Baisikeli

Katika neema nyingi ambazo Mwenyezi Mungu ameijaalia nchi yetu, milima ya Usambara ni mojawapo. Watu wengi huijua kwa mboga na matunda yake tu, wala hawajui kwamba ndani yake mna vijia visivyo na hesabu, ambavyo kijana mwenye baisikeli nzima na miguu yenye nguvu aweza kuvipita toka kijiji hata kijiji bila ya kukanyaga lami. Tumeona vema kuwaandikia wasomaji wetu, khasa wazazi na vijana, khabari za njia hizo: jinsi zinavyotafutwa, jinsi safari ya jamaa inavyopangwa, na adabu ambazo mwenye kupita hana budi kuzishika. Maana siku za likizo tumekuwa tukitoka na wanafunzi wakubwa wa madrasa, na wazazi wengi wametuuliza kama mchezo huu una faida au ni hatari tupu.

NCHI YENYEWE

Atokaye Tanga au Dar es Salaam hufika kwanza Mombo, mji mdogo wa joto ulio chini ya mlima, ambao reli ya kutoka Tanga iliufikia mwaka 1905. Hapo barabara ya lami huacha tambarare na kupanda kwa mizunguko mingi kando ya bonde, ikapita Soni penye maporomoko ya maji, mpaka Lushoto. Mwendo wake ni yapata kilomita 33. Lushoto, ambayo Wadachi waliiita Wilhelmstal, iko karibu mita 1,400 juu ya bahari, na hewa yake mwezi wa Julai humfanya mtu wa pwani atafute sweta.

Kutoka Lushoto njia ni nyingi. Iliyo fupi ni ya Irente, kilomita tano au sita tu, nayo huishia kwenye ukingo wa jabali ambapo mtu husimama akaiona Mazinde na nyika yote imetandazwa chini yake kama mkeka. Nyingine hupanda Magamba, kwenye msitu wa hifadhi wenye mbega na miti mirefu, kisha hugawanyika: moja yaenda Mlalo, nyingine hupita Lukozi mpaka Mtae, yapata kilomita 60 kutoka Lushoto. Mtae iko juu ya mgongo wa mlima, na huko asubuhi mawingu huwa chini ya miguu ya watu.

Njia hizi hazikuanza na baisikeli. Vuga ilikuwa makao ya wafalme wa Kikilindi, na Kimweri ye Nyumbai, aliyefariki mwaka 1862, alipokea huko wageni na khabari toka pwani kwa njia za miguu. Mmisionari Krapf alizipita mwaka 1848, na tena mwaka 1852. Wadachi walipotaka mierezi ya Shume, kabla ya vita vya 1914, walitandaza waya wa kuteremshia mbao hadi Mkumbara kwenye reli, kwa sababu ukali wa mteremko ulishinda magari yao. Basi kijana apandapo huko na ajue kwamba anapita juu ya nyayo za watu wengi, na kwamba mlima huu umewashinda wenye nguvu kuliko yeye.

KUZITAFUTA NJIA

Watu hudhani kwamba siku hizi simu yatosha. Ni kweli kwamba ramani za simu huonyesha vijia vingi, na ziko pia ramani za serikali za kipimo cha 1 kwa 50,000, ambazo sentimita mbili juu ya karatasi ni kilomita moja juu ya ardhi. Ramani hizi zina mistari ya miinuko. Mistari ikisongamana, mahali hapo ni pakali, na ikiachana, ni tambarare. Kila kijana na ajifunze kuisoma, maana simu huzimika, na katika mabonde mengi mtandao haufiki.

Lakini ramani haikuambii kama daraja la magogo lilichukuliwa na mvua ya masika, wala kama kijia kimegeuzwa shamba la maharage. Hayo huyajua wenyeji. Kwa hiyo desturi yetu ni kuizuru njia kwa miguu kabla ya kuileta jamaa, watu wawili au watatu, tukiuliza kila kijiji. Na mwenye kuuliza na aanze kwa maamkio. Aliyemwambia mzee wa Kisambaa "onga makeo" asubuhi, akangoja kujibiwa, akamjulia hali na ya nyumbani kwake, huelekezwa njia, na pengine hupewa mtoto wa kumsindikiza. Aulizaye juu ya baisikeli bila ya kushuka huambiwa "mbele huko," akaachwa aende zake.

Mambo ya kuulizwa ni haya. Kwanza, njia hii ni ya nani: ya kijiji, ya shamba la mtu, au ya hifadhi? Penye hifadhi, kama Magamba, sharti kupata ruhusa na kulipa ada. Pili, maji safi yako wapi. Tatu, gulio la hapa ni siku gani. Maana siku ya gulio vijia hujaa akina mama waliojitwika mizigo ya kabichi na viazi, na haifai kuwashukia na baisikeli. Nne, udongo wa hapa mvua ikinyesha huwaje. Maana udongo mwekundu wa Usambara ukilowa huteleza kama sabuni, na magurudumu huchimba mifereji inayoharibu njia mwaka mzima. Kwa hiyo miezi ya masika, Machi hadi Mei, sisi hatupandi, na wakati wa vuli tunatazama mbingu kwanza. Miezi iliyo bora ni toka Juni hadi Septemba, ijapokuwa ukungu wa asubuhi huwa mzito.

Liko jambo jingine linalowafurahisha sana vijana. Toka Usambara, Kaaba iko upande wa kaskazini, ikielemea mashariki kidogo tu. Basi mtu aliyepotewa na pande za dunia katika ukungu, akiona msikiti na kibla chake, amejua kaskazini iko wapi.

KUPANGA SAFARI YA JAMAA

Mtume wetu (s.a.w.) ametuagiza kwamba watu watatu wakitoka safarini wamfanye mmoja wao kuwa kiongozi. Hilo ndilo la kwanza. Kiongozi huchaguliwa kabla ya kuondoka, na neno lake la kusimama au kurudi halibishaniwi njiani. Sisi huweka mwenye kuijua njia mbele, na nyuma kabisa huweka mtu mzima mwenye subira, aliyechukua pampu, viraka na gundi, tyubu ya akiba, funguo na kifaa cha kuungia mnyororo. Imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) mwenyewe alikuwa akibaki nyuma ya msafara ili kumsaidia aliye dhaifu na kumwombea. Basi nafasi ya nyuma si ya kudharauliwa; ndiyo nafasi ya heshima.

Mwendo ni wa yule aliye dhaifu, si wa mwenye baisikeli ya gia nyingi. Kila penye njia panda wa mbele husimama mpaka wa nyuma afike, na watu huhesabiwa. Jamaa zaidi ya 12 tunaigawa mafungu mawili, kila fungu na kiongozi wake.

Saa za safari hupangwa kwa Swala. Safari hizi za siku moja hazifikii masafa ya kupunguza Swala kwa madhehebu yetu ya Shafi, kwa hiyo kila Swala huswaliwa kamili kwa wakati wake. Tunaondoka baada ya Alfajiri na kupata kitu cha moto. Kwa kupanda tunahesabu kilomita sita au saba kwa saa, wala hatuhesabu zaidi. Njia huchaguliwa ili saa sita na nusu mchana tuwe karibu na msikiti wa kijiji, tuswali Adhuhuri pamoja na wenyeji, tule na tupumzike. Alasiri hutukuta tunarudi, na kabla ya Magharibi kila mtoto huwa kwa wazazi wake. Njia isiyopangika hivyo tumeiacha, hata ingekuwa nzuri namna gani.

Ama baisikeli yenyewe, hukaguliwa jana yake: breki zote mbili, waya zake, tairi, spoki na mnyororo. Isiyo na breki mbili nzima haiendi. Mteremko mrefu kama wa Soni hadi Mombo hutia moto vipira vya breki, na anayeshika breki moja bila kuiachia huweza kuikosa pale anapoihitaji. Breki hukamatwa na kuachiwa kwa zamu, mwili ukarudi nyuma, na mwendo ukawa mdogo kabla ya kona, si ndani ya kona. Kofia ngumu ni lazima kwa kila kichwa, kwani kuilinda nafsi ni katika mambo yaliyoamrishwa.

Na inapendeza sana kuwasikia vijana wakifuata mwendo wa Masahaba, ambao walipopanda walileta takbira na waliposhuka walileta tasbihi. Mwenye kuleta takbira mlimani hujua pumzi yake imebaki kiasi gani, na mwenye kuleta tasbihi mteremkoni hakimbii kama mwehu.

HAKI YA NJIA

Tumeona kwa macho yetu katika bonde moja jinsi adabu inavyofunga njia na kuifungua. Vijana wageni walikuwa wameshuka kwa kasi, wakapita juu ya mfereji unaopeleka maji mashambani, na ukingo ukabomoka. Maji yakamwagika usiku kucha, na vitalu vya mboga vya mama mmoja mjane vikakauka upande mmoja na kuzama upande wa pili. Wazee wakaziba njia kwa miiba. Tulipofika sisi juma la pili tuliukuta uzio huo, na kijana mmoja wetu akasema, "Mwalimu, si sisi tuliofanya." Ni kweli, lakini mama yule hatofautishi gurudumu na gurudumu. Tukarudi Jumamosi na majembe badala ya baisikeli, tukaujenga ukingo kwa mawe, na vijana wakampandia mama yule vitalu vyake upya.

Wazee wakatuita tukae. Wakasema: njia tutaifungua, ila kwa masharti. Penye mfereji mshuke mbebe baisikeli. Siku ya gulio msipite. Mvua ikinyesha msije. Na mkimkuta mwenye mzigo kichwani, ninyi ndio wa kusimama pembeni, si yeye. Tukayakubali yote, na hata leo wanafunzi wetu huyasoma masharti hayo kabla ya kuondoka. Tukiyatazama, tunaona hayatoki nje ya yale tuliyofundishwa: kwamba njia ina haki zake, na katika haki hizo ni kuinamisha macho, kuzuia udhia na kurudisha salamu, na kwamba kuondoa chenye kudhuru njiani ni tawi la imani.

Hivyo, tunawajibu wazazi waliotuuliza. Hatari ipo, kama ilivyo baharini kwa mvuvi na mtini kwa mkwezi. Lakini kijana aliyefundishwa kumngoja mwenziwe penye njia panda, kumpisha mama mwenye mzigo, kuswali kwa wakati na kurudi kabla ya giza, huyo amejifunza darasa ambalo sisi walimu ni vigumu kulifundisha kwa ubao na chaki. Mwaulize mtoto wenu nani ni kiongozi wao, njia yao ni ipi, na Adhuhuri wataswali wapi. Akiweza kuyajibu matatu haya, mpeni ruhusa na mumwombee. Asipoweza, ngojeni kwanza.

Mwenyezi Mungu awahifadhi vijana wetu katika kupanda kwao na kushuka kwao, na awarejeshe majumbani kwa salama. Amin.