Macheo Waliyoyaandika Kabla ya Kuyaona

Wahenga walinena kuwa aisifuye mvua imemnyea. Hata hivyo, katika madarasa mengi ya Kiswahili nchini Kenya, macheo husifiwa na watoto ambao hawajapata kuyaona. Insha huanza kwa jogoo kuwika. Miale ya jua la alfajiri hupenya dirishani, ndege hutumbuiza, naye msimulizi huamka akiwa buheri wa afya. Mwalimu hutia alama ya vema pambizoni, na mwanafunzi hutoka hapo akiamini kwamba uzuri wa lugha ni jambo la kukariri. Ni nadra kumpata anayejiuliza iwapo alfajiri ina miale.

Suala hili liliwashughulisha vijana wanne wa mtaa wa Tena, marafiki wa tangu utotoni. Watatu miongoni mwao walikuwa wakisomea ualimu wa Kiswahili chuo kikuu. Wa nne alijikimu kwa kupiga picha za harusi na mahafali. Tena ni mtaa wa Eastlands, jirani ya Umoja na Donholm. Ni kinaya kwamba wakaazi wa eneo lililopewa jina la mashariki hawaioni mashariki yenyewe. Magorofa yamebanana kiasi kwamba jua likifika dirishani huwa limekwisha kuvuka paa la jirani. Asubuhi hutambulikana kwa honi za matatu, kwa harufu ya mandazi yanayokaangwa kando ya barabara, na kwa mwanga unaouangukia ukuta wa ng'ambo. Vijana hao walikuwa wameandika kuhusu macheo tangu shule ya msingi, ilhali hakuna hata mmoja aliyewahi kuliona jua likitoka kwenye upeo wa macho.

Mwenye kamera ndiye aliyetoa shauri la kwenda Mombasa. Binti mmoja katika kundi hilo aliliunga mkono kwa sababu yake mwenyewe: mwaka uliokuwa ukikaribia angekwenda shuleni kwa mazoezi ya kufundisha, naye hakutaka kusahihisha insha za watoto kwa macho ya kuazima. Basi mnamo Desemba 2018 walichanga nauli, wakakodi lenzi kwa siku mbili, wakapanda basi la usiku. Safari ilikuwa ya kilomita 480 hivi. Walifikia kwa shangazi wa mmoja wao huko Bamburi.

Mwenye kamera alikuwa amejiandaa. Aliwaeleza wenzake kuwa Mombasa iko mashariki zaidi ya Nairobi, hivyo mwezi huo jua hulipambazukia pwani zaidi ya dakika 10 kabla ya jiji. Aliwatahadharisha pia kuwa Desemba jua halitoki mashariki kamili bali huelemea kusini. Zaidi ya yote, karibu na ikweta jua hupanda takriban wima, nayo duara yake huchukua dakika mbili na ushei tu kuuacha upeo. Katika nchi za kaskazini ya mbali, kama vile Norway, hupanda kwa mshazari na kumpa mpigapicha muda mrefu zaidi. Mombasa haimngoji mtu.

Saa 11 alfajiri walikuwa ufuoni. Bahari ilisikika kuliko ilivyoonekana. Mbali, juu ya maji, ulitandaa weupe mwembamba, na mmoja wao akasema kwa furaha kwamba macheo ndiyo hayo. Mzee mmoja mvuvi, aliyekuwa akikunja wavu kando ya ngalawa yake, akainua kichwa.

"Shikamoo mzee," walimwamkia.

"Marahaba, wanangu. Hamjambo? Hayo si macheo. Hiyo ni alfajiri."

Aliwafafanulia huku mikono ikiendelea na kazi. Alisema iko alfajiri ya uongo, mwanga unaosimama wima angani kisha ukafifia. Baadaye huja alfajiri ya kweli, inayotandaa upana wa upeo, na kwa hiyo ndipo huadhiniwa swala ya asubuhi. Hufuata kupambazuka, mtu akaweza kuitambua sura ya mwenziwe. Jua huja mwisho wa hayo yote. Walimu watarajiwa walitazamana. Miale ya jua la alfajiri, ambayo kila mmoja wao aliwahi kutuzwa kwayo, haikuwa na mahali pa kukaa.

Mwenye kamera aliisimamisha kamera juu ya miguu yake mitatu, akailenga kulia kidogo mwa mashariki. Anga iligeuka zambarau, kisha waridi, kisha rangi ya chungwa. Kwani nuru inayokuja ubavuni mwa dunia hupita katika hewa nyingi, nayo hewa huutawanya ubuluu na kuuacha wekundu upite. Lakini wingu zito lilikuwa limeketi juu ya upeo. Dakika mbili walizozifuata kilomita 480 zilipita nyuma yake. Jua lilipojitokeza lilikuwa limekwisha kuwa jeupe, kali, lisilotazamika.

"Halikutoka," kijana alisema, akizikumbuka fedha za lenzi.

"Limetoka," mzee alimjibu. "Kumekucha. Ninyi tu ndio hamkuliona."

Walimsaidia kuisukuma ngalawa majini. Walipomwomba ruhusa ya kumpiga picha alikataa kwa upole, akisema kuwa mvuvi hupigwa picha akirudi, si akienda. Picha waliyobaki nayo ilikuwa ya mfuo wa ngalawa mchangani na wingu lenye ukingo wa moto.

Neno la mzee ndilo lililozua mjadala katika basi la kurudi. Katika sentensi "jua limechomoza", kiima ni jua, na kiambishi li- kinalidhihirisha. Katika "kumekucha", ku- ni kiambishi cha mahali. Hapatajwi jua wala mtazamaji. Kitenzi hicho ndicho kilichomo katika "usiku kucha", yaani usiku mpaka kukicha, kama vile "mchana kutwa" ilivyo mchana mpaka jua kuchwa. Hata saa za Kiswahili huhesabiwa kuanzia hapo: saa moja ya asubuhi ni saa ya kwanza ya mchana, hesabu inayoaminika katika nchi za ikweta ambako wakati wa macheo hausogei kwa saa nzima mwaka mzima.

Mmoja wao alishikilia kwamba maneno hayo ni ya watu wa pwani, na kwamba watoto wa Nairobi, waliolelewa kwa Sheng, ni waazimaji tu. Binti alimpinga. Iwapo kucha ni mali ya pwani, alisema, basi Tena haina asubuhi. Kilichoazimwa si neno bali ni mandhari: jogoo asiyekuwapo, ndege wasiosikika, miale isiyofika dirishani. Lugha yenyewe, kwa kile kiambishi cha mahali, ilikwisha kuwapa nafasi hata wale wasioliona jua.

Muhula wa pili wa mwaka 2019 alikwenda shuleni kufundisha. Aliwataka wanafunzi wa Kidato cha Pili waandike kuhusu kucha kwa kwao, na akapiga marufuku jogoo kwa asiyekuwa na jogoo. Mwalimu wa somo alimwonya kuwa anawanyang'anya watahiniwa mapambo ya lugha, na kwamba mtihani wa taifa hautawauliza walichokiona. Onyo hilo halikuwa la kupuuzwa. Ni alama za watoto wa watu. Aidha, insha nyingi zilizorejeshwa zilikuwa fupi, zenye kusitasita, kana kwamba waandishi wake wamepokonywa mkongojo.

Mojawapo iliandikwa na mvulana ambaye mama yake huuza mboga. Alieleza kwamba kwao hukucha mara mbili: kwanza saa 10 usiku, mlango unapofungwa polepole mama akienda Marikiti, na tena anaporejea na gunia la sukuma wiki, ndipo wadogo zake huamshwa. Hakukuwa na jua popote katika insha hiyo. Binti aliipa alama 16 kwa 20, akampelekea mwalimu wa somo. Mwalimu aliisoma, akairudia, akasahihisha kosa moja la upatanisho wa kisarufi, akaiacha alama ilivyo.