Besi ya bei nafuu kwenye ukungu wa Lushoto

Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 hivi za kona juu ya kona. Abiria aliyepanda basi akitokwa jasho hupita maporomoko ya Soni akitafuta sweta. Gitaa la besi lililonunuliwa Tanga mjini nalo huyasikia mabadiliko hayo, ila halisemi.

Besi ambayo mzazi wa mwanakwaya anaimudu mara nyingi ni nakala ya Fender Precision, iliyotoka Marekani mwaka 1951. Sura yake ya kizamani inapendeza; udhaifu uko shingoni. Mbao huvimba na kusinyaa unyevu ukibadilika, na ukungu wa Magamba haupigi hodi. Shingo ikipinda, nyuzi huinuka, mtoto anabonyeza mpaka vidole vinauma. Nyumbani anaambiwa ni mvivu wa mazoezi. Pengine anaonewa.

Ndani ya shingo mna chuma cha kuinyoosha. Huzungushwa kwa ufunguo wake, robo mzunguko au pungufu, kisha gitaa huachwa hadi kesho yake. Anayelazimisha hukivunja, na matengenezo yake huweza kuzidi bei ya gitaa. Kitufe cha sauti kinachokwaruza hubadilishwa na fundi redio, na nyuzi nne mpya huleta mlio kuliko rangi yoyote.

Gitaa likiwa limechomolewa, mtoto aruhusiwe kulifungua. Amplifaya asiifungue kabisa: hata ikichomolewa ukutani, ndani yake umeme unaweza kubaki.