Virusi vya mfukoni

Miaka ile nilipotoka Kibiti kwenda chuo Dar es Salaam, virusi vya kompyuta vilisafiri mfukoni. Unachomeka flashi, unafungua, mafolda yako hayaonekani. Mahali pake pamekaa vitu vyenye majina yaleyale, kila ukibonyeza ndivyo unavyozidi kuvisambaza. Hata tulijua vilikotoka: steshenari ya nje ya geti, tulikochapishia kazi zetu sote. Matokeo ya mitihani yalibandikwa ubaoni. Aliyetaka kuyachezea ilibidi aje mwenyewe na kalamu.

Intaneti ya setilaiti ilikuwa ghali na ya kusuasua, na nadhani kusuasua kule kulitukinga kuliko programu yoyote ya kuua virusi. Julai 2009 mkongo wa baharini wa SEACOM ukawashwa. Taratibu usajili, ada na matokeo vikahamia kwenye mfumo, nami nikaajiriwa kutunza seva za chuo kimoja. Kwenye logi za usiku nilikuta mtu anajaribu nywila mlangoni: admin, admin123, root, test, mistari kwa mistari, kutoka nchi nisizowahi kukanyaga. Mtu gani! Ni programu tu, haichoki. Sheria ya Makosa ya Mtandao ilipopitishwa 2015 nilijiuliza hati ya wito ingepelekwa wapi.

Ijumaa ya Mei 12, 2017 ikaja WannaCry, ikifunga mafaili na kudai dola 300 kwa bitcoin. Ilipita kwenye tundu la Windows ambalo Microsoft walishaliziba tangu Machi. Ole wake ambaye hakusasisha. Vyuo vya China viliumia vibaya. Nilikesha kazini, lakini nilipopiga simu nyumbani sikuwa na uso wa kusimulia habari za mafaili. Kibiti mwezi ule watu waliogopa risasi za wauaji wasiojulikana.

Desemba 2019 Chuo Kikuu cha Maastricht, Uholanzi, nacho kilifungiwa mafaili, kikalipa bitcoin 30, karibu yuro laki mbili. Wavamizi waliingia kwa barua pepe iliyofunguliwa chuoni hapo miezi miwili kabla.

Siku hizi wavamizi wengine hawahangaiki na seva. Mpwa wangu alinipigia akiwa Nyamisati, anasubiri boti.

“Shikamoo mjomba. Nimetumiwa meseji, bumu la mkopo limezuiwa, wanataka nywila ya akaunti ya chuo. Niwape?”

“Marahaba. Umewapa nini mpaka sasa?”

“Namba ya usajili tu. Na ule msimbo ulioingia kwenye simu.”

Mtandao ulikuwa unakatakata, hakuweza kubadilisha nywila. Nikampigia jamaa wa zamu chuoni kwake aifunge akaunti. Aliniambia nisubiri kidogo, kuna wengine mbele yake.