Kushoto Yesu, Kulia Papa

Jamani, kuna kijitabu ambacho kila kijana anayejidai kuchora katuni angepaswa kukijua. Kinaitwa Passional Christi und Antichristi, kilichapishwa Wittenberg, Ujerumani, mwaka 1521. Mna picha 26 kutoka karakana ya Lucas Cranach, zimepangwa mbili mbili: ukurasa wa kushoto Yesu, wa kulia Papa. Yesu anawaosha wanafunzi miguu. Papa kanyoosha wa kwake wakubwa waubusu. Yesu anavikwa taji la miiba. Papa anavikwa taji la ngazi tatu. Yesu anawafukuza wafanyabiashara hekaluni. Papa kakaa kanisani anauza hati za rehema, fedha ziko mezani.

Enzi hizo ulaji ulikuwa nje nje. Albrecht, Askofu Mkuu wa Mainz, alikopa kwa matajiri wa Fugger ili alipie cheo chake. Waumini wakauziwa hati za rehema: nusu ya mapato ikajenge Kanisa la Mtakatifu Petro kule Roma, nusu ilipe deni la bwana mkubwa. Mwaka 1517 Martin Luther aliandika hoja 95 za kupinga, lakini kwa Kilatini. Mkulima wa Saxony angekisoma wapi? Picha aliielewa papo hapo.

Tena kuisambaza ilikuwa rahisi. Unachonga kibao, unaondoa panapotakiwa pawe peupe. Mistari inabaki imeinuka na kushika wino. Herufi za chapa nazo zimeinuka, basi picha na maneno vinachapwa kwa mkupuo mmoja.

Na maneno yenyewe sasa! Chini ya Yesu kuna maandiko ya Biblia. Chini ya Papa, Philipp Melanchthon na mwanasheria Johann Schwertfeger waliweka kwa wingi sheria za kanisa lenyewe. Hapo waliua. Utamkatalia nani, na mwandiko ni wako?

Mimi ninachonga lino, na Jumapili niko kanisani kama kawaida. Shangazi yangu aliuza cherehani yake, pesa akampelekea mhubiri mmoja anayeuza chupa za mafuta ya upako. Mshikaji wangu akasema, "Mchore huyo jamaa fisi, tucheke." Nikakataa. Fisi utamcheka siku moja, kesho wafuasi watasema umemtukana mtumishi wa Mungu, na habari ya pesa itakuwa imeishia hapo. Tusi hujibiwa kwa tusi. Mwaka 1529 wapinzani wa Luther nao walimchora ana vichwa saba. Mwaka 1545 upande wa Luther ukatoa picha ya wakulima wanaomgeuzia Papa makalio. Mtaani utacheka, lakini nani amebadili mawazo kwa kuonyeshwa makalio?

Ninavyoona mimi, kinachouma ni ule ukurasa wa kushoto. Bila Yesu aliyeinama na beseni, mguu wa Papa ni mguu tu. Wala Cranach mwenyewe hakuwa malaika: miaka hiyo hiyo ya 1520 alipokea kazi za kumchorea huyo huyo Albrecht. Lakini kipimo alichokichonga kilikuwa kikubwa kuliko yeye, na anayeamini ndiye kinayemchoma zaidi.

Kwa hiyo nimechonga vibao viwili. Kushoto, Yesu anamponya kipofu, mikono haina kitu. Kulia, foleni ya mafuta, na bei kama walivyoibandika wenyewe mlangoni. Nikamwonyesha Shangazi kabla ya mtu yeyote.

"Huyu mwenye kitenge si mimi?"

"Ni wewe, Shangazi."

Akaitazama kimya kitambo kirefu. Niliogopa atalia.

"Mwanangu, mbona mkoba umeujaza hivi? Siku ile nilibaki hata nauli sina."

Nikachukua kisu, nikaupunguza mkoba.