Besi ya Kupimiwa Mwenyewe

Ujerumani, mpiga besi akitaka gitaa la kutengenezewa, maswali ya kwanza ya fundi hayahusu mbao. Unapiga umesimama au umekaa? Mkanda unauacha uning'inie hadi wapi? Unapiga kwa vidole au unapigiza kwa gumba? Halafu anaomba mkono wako wa kushoto, anakutanua vidole na kuweka rula. Fundi niliyemtembelea Markneukirchen alinipima hivyo, na wala sikuwa nimeagiza kitu. Nilikwenda kushangaa tu.

Markneukirchen ni mji mdogo wa Saxony, karibu na mpaka wa Cheki, na ala za muziki ndiyo kazi yake. Mafundi wa fidla waliunda chama chao pale mwaka 1677. C. F. Martin, ambaye jina lake liko kwenye magitaa maarufu ya Marekani, alizaliwa hapo mwaka 1796. Siku hizi kijana anayetaka ufundi wa gitaa husoma miaka 3, na hapewi cheti bila mtihani.

Lakini ukiingia stoo ya mbao ya fundi huyo unajikuta uko nyumbani. Kuna wenge kutoka Kongo (naam, jina lilelile la bendi ya Wenge Musica), na kuna vipande vya mpingo, mti unaovunwa Lindi na Kilwa na kuishia kwenye klarineti za Ulaya. Vyote vimepangwa vikitenganishwa na vijiti ili hewa ipite, kila kipande kikiwa na tarehe yake ya kuingia. Hakiguswi hadi kikauke.

Sababu iko kwenye shingo. Nyuzi 4 za besi zikikazwa huvuta kwa nguvu ya kilo 70 hadi 80, usiku na mchana. Mbao yenye unyevu itapinda tu. Kwa hiyo fundi huunganisha vipande viwili au vitatu kwa gundi, nyuzinyuzi za mbao zikielekea pande tofauti, na katikati anazika chuma cha kukazwa kwa spana. Kisha inakuja hesabu. Kwenye besi ya kawaida uzi una milimita 864 kutoka kichwani hadi kwenye daraja. Unagawanya kwa 17.817, unapata 48.5: hapo ndipo freti ya kwanza, kijiti cha chuma cha kubania uzi, inapokaa. Urefu uliobaki unaugawanya tena kwa namba ileile, unapata freti ya pili, na kuendelea. Ya 12 lazima iangukie 432, nusu kamili. Ukikosea milimita moja, sikio litakushtaki.

Sasa twende Keko, Dar es Salaam. Seremala wa pale anachonga kitanda cha mninga chenye maua kichwani, na viungo vyake havipitishi hata wembe. Randa anayo, patasi anayo, tupa na msasa anavyo. Kwa nini basi hatengenezi besi? Wengi husema ni vifaa. Mimi nasema ni kwamba hajawahi kuagizwa.

Muziki wa dansi wa Tanzania ulikua juu ya vyombo visivyo vya mpigaji. NUTA Jazz ilianza mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Mlimani Park ilikuwa ya DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam. Vijana Jazz ilikuwa ya umoja wa vijana wa chama tawala. Jeshi na polisi nao walikuwa na bendi zao. Mwanamuziki akihama bendi, besi ilibaki kwa mwenye vyombo. Nani atapimisha mkono wake kwa gitaa ambalo kesho litashikwa na mwingine? Hata aliyekuwa bingwa wa besi alizoea kuzoea: shingo nene, daraja limekaa juu, vidole vinauma, unapiga hivyohivyo mpaka alfajiri. Ustadi huo wa kuzoea naustahi sana, ila ulimnyima fundi mteja.

Hali hiyo imebadilika. Vijana wengi wanaopiga makanisani wana besi zao wenyewe, za kiwandani, nyingi za kipimo kimoja. Hao ndio wateja ambao Keko ilikuwa inawakosa.

Ukiwa mmoja wao, usianze na ubao mbichi wa gulioni. Tafuta mlango au kitanda cha zamani cha mninga. Hiyo mbao imekwisha kukauka na kutulia. Ubao wa vidole uwe wa mpingo. Vya kuagiza nje ni freti, vifungo vya kukazia nyuzi, chuma cha shingo na sumaku za kunasa sauti. Mpe seremala mchoro wenye vipimo, si picha ya simu, na umlipe kama fundi wa ala, si kama wa stuli. Ya kwanza huenda ikawa nzito. Agiza ya pili kwa fundi yuleyule.